Mkono ukae wapi na mshale upite wapi: amua kabla hujasawazisha upinde

Wengi wakichonga upinde wa mbao akili yote iko kwenye ncha na mikunjo, mshiko wanauacha mpaka mwisho eti ntauweka katikati. Sasa mkono na mshale haviwezi kukaa katikati vyote viwili, kimoja lazima kisogee, na ukisogeza baada ya upinde kushasawazishwa (yaani kukwanguliwa mpaka upande wa juu na wa chini ya mshiko ipinde kwa uwiano) unavuruga kazi yote. So chukua penseli mapema.

Hatua ya 1. Chora mstari wa katikati kabisa. Tuseme upinde una sentimita 180, mstari uko kwenye 90. Mshiko wa sentimita 10 unatosha mikono mingi.

Hatua ya 2. Chagua mpango. Wa kwanza: mshiko unaukalisha katikati, yaani 85 mpaka 95 ukipima kutoka ncha ya chini, mshale unapita kwenye 95, sentimita 5 juu ya katikati. Pande zote mbili zinakuwa urefu sawa, na kama upinde wako unapinda hadi mkononi (hata mshiko unapinda kidogo ukivuta) mpango huu unakaa vizuri sana. Wa pili: mshale sentimita 3 tu juu ya katikati, mshiko unaanzia hapo kushuka, 93 mpaka 83, hapo upande wa chini unabaki na 83 na wa juu 87, kwa hiyo wa chini lazima uwe mgumu kidogo. Mimi kwa upinde wenye mshiko usiopinda naenda na wa pili. Wajapani wao wamefika mbali zaidi, upinde wao wa yumi unashikwa karibu theluthi moja kutoka chini, kwa hiyo usiogope pande zisizolingana, mradi umezisawazisha hivyo hivyo.

Hatua ya 3. Ncha ipi iwe juu, ipi chini? Ukishafunga kamba kwa mara ya kwanza tumbo la upinde (upande wa kamba) likutazame, angalia kamba inakatiza wapi kwenye mshiko. Ikipita katikati safi. Ikiegemea upande mmoja, huo uwe upande wa mshale, ambao kwa anayevuta kwa vidole vya mkono wa kulia ni kushoto. Kama imeegemea kulia geuza tu upinde, ncha ya juu iwe chini, na ndo maana hapo kwenye mshiko unaacha mbao ya ziada mpaka hatua hii iishe, manake ukigeuza alama za mpango wa pili nazo zinahama.

Hatua ya 4. Chonga mshiko. Mbao inapokuwa pana pale mshale unapopita, inausukuma mshale nje ya mstari wa kamba, na ukiachia mshale unatakiwa ujikunje kidogo kuuzunguka upinde, ukiwa mgumu sana unapiga mbao na kwenda pembeni. Upana wa sentimita 2.5 hadi 3 ni sawa, ila ukipunguza upana acha unene, kama sentimita 4 kwa mshiko usiopinda. Kukata kidaraja cha mshale (kijukwaa cha kuulaza) ndani ya upinde unaopinda mkononi usithubutu, utavunjikia hapo hapo. Bandika kipande cha ngozi au tumia mkono wenyewe, ila mwanzo wa unyoya wa mshale uupige msasa na kuufunga uzi la sivyo utakuchana.

Hatua ya 5, na hii ndo wengi wanairuka. Ukiweka upinde kwenye ubao wa kusawazishia (unaoshika upinde huku ukivuta kamba uone unavyopinda), uegemeze pale kiganja kitakapobonyeza, siyo kwenye mstari wa katikati, na kamba ivutwe pale vidole vitakapokaa. Upinde ukilalia upande mmoja wakati unavuta, usikwangue tu, cheki kwanza umeuegemeza wapi. Kwa mpango wa pili, pengo kati ya kamba na mbao upande wa juu lizidi la chini kwa milimita 3 mpaka 6 hivi, pima umbali sawa kutoka kila mwisho wa mshiko.

Hatua ya 6. Kamba iwe kama sentimita 15 kutoka kwenye mshiko, ngumi na kidole gumba kilichosimama. Kwenye kamba funga uzi wa alama ya mshale sentimita 1 juu ya usawa (pale mshale ungekutana na kamba kwa pembe mraba), piga mishale kadhaa, kisha shusha kidogo kidogo. Manyoya yakianza kugonga mkono umeshuka mno, rudisha juu.