Kabla Hujalipia Huduma ya Dharura ya Barabarani, Anza Kusoma Mkataba Upande wa Trela

Dereva anayetoka kwenye lori la kampuni na kununua kichwa cha lori chake mwenyewe hapa Marekani anakutana na kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kutafuta wa kumtoa barabarani akikwama. Zamani ulipiga simu ofisini, ukakaa kwenye kabini ukisubiri fundi. Sasa ofisi ni wewe. Wengi wetu tunalipia huduma ya kwanza tunayoiona kwa kuwa ada yake ya mwezi ni ndogo, kisha mkataba tunausoma siku tumeshakwama. Ndugu yangu, usome leo, tena uanzie kwenye trela.

Trela ndiyo iliyonifunza mimi. Ilikuwa Februari, kwenye barabara ya I-80 jimboni Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, pale ambapo upepo unaisukuma trela mpaka usukani unakuvuta mikono. Tairi la nje la ekseli ya nyuma lilipasuka, vipande vya mpira vikabaki vinaning'inia kwenye madigadi. Nikapiga namba iliyo kwenye kadi yangu. Dada aliyepokea akaniuliza namba ya chesisi ya kichwa, akaikuta. Akauliza ya trela, hakuiona. Trela yenyewe ilikuwa ya mwenye mzigo, na mkataba wangu ulilinda gari lililoandikishwa tu. Safari ya fundi, kazi yake na tairi jipya, vyote vikatoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo. Kama trela ni yako, hakikisha namba yake imeandikwa kwenye mkataba. Kama unafunga trela za watu, leo hii kesho ile, taka maandishi yanayosema kwamba trela yoyote iliyofungwa kwenye kichwa chako inalindwa. Wanaobeba nyama, mboga au maua waangalie zaidi: huduma ya barabarani inaweza kukubali tairi na taa za trela lakini ikaikataa mashine ya kupoza. Na mzigo ukiharibika, hiyo ni habari ya bima ya mzigo, ambayo nayo inahitaji kipengele chake cha mashine ya kupoza kuharibika. Usidhani kadi moja inabeba yote mawili.

Baada ya trela, angalia kuvutwa, maana hapo ndipo pesa zinapokwisha. Kichwa na trela yenye mzigo kwa sheria ya shirikisho vinaweza kufika pauni 80,000 kwenye barabara kuu. Gari linalovuta magari madogo haliwezi kitu hapo. Linahitajika brekdauni zito, na huenda likatoka mji wa mbali. Fundi akifika haungi mnyororo tu na kuondoka. Upepo ukiisha kwenye matangi, springi za breki zinakaba magurudumu, kwa hiyo ni lazima aunganishe mipira ya upepo ya gari lake kwanza. Tena anafungua propela shafti au shafti za ekseli, la sivyo giaboksi itazungushwa bila oili kupanda na itakufa njiani. Yote hayo ni muda, na kuna wanaohesabu saa tangu walipotoka yadi yao mpaka wanaporudi.

Ndiyo maana neno "kuvutwa kumo" halitoshi. Uliza kikomo ni cha maili au cha dola. Chukua mfano: mkataba unalipa hadi dola 500 kwa tukio, na bili imekuja dola 2,000. Hizo 1,500 ni zako, na lori bado liko gereji likisubiri vipuri. Uliza pia kama wanakupeleka kwenye gereji ya karibu inayoweza kulitengeneza au unayoitaka wewe, na kama wanavuta kichwa na trela pamoja. Wakikuambia trela itabaki, nani atailinda na nani atalipa safari ya pili?

Kuteleza kwenye barafu na kuingia mtaroni ni jambo jingine. Wewe unaona ni kunasuliwa kwa winchi, wao wanaweza kusema ni ajali na kukurudisha kwenye bima ya uharibifu wa gari. Bima hiyo nayo ina kikomo chake cha kuvutwa na cha kuhifadhi gari yadi. Weka karatasi hizo mbili mezani pamoja, uone kama kuna shimo katikati. Ile bima ya lazima ya dola 750,000 kwa anayebeba mizigo ya kawaida kati ya majimbo ni ya madhara unayowasababishia wengine. Haitakuvuta hata futi moja. Na polisi wakikuitia brekdauni kutoka kwenye orodha yao, bili inakuja kwako. Uliza kama mkataba utailipa ingawa hukuipigia kwanza kampuni ya huduma.

Kuna mikataba ambayo wao wanamtafuta fundi na kumlipa moja kwa moja, na kuna ambayo unalipa kwanza halafu unarudishiwa. Mimi nachagua ya kwanza bila kusita, hata ikizidi kidogo, kwa sababu Jumamosi usiku benki yangu haitaniongezea pesa. Ukichukua ya pili, jua siku ngapi unazo za kupeleka risiti, na kama ni lazima upewe namba ya idhini kabla lori halijaguswa.

Swali ambalo madereva wengi hawaliulizi ni la moshi. Mfumo wa DEF, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, ukileta hitilafu, kompyuta ya lori inaweza kukushusha hadi maili 5 kwa saa. Fundi wa tairi hana dawa ya hilo. Anahitajika mwenye kompyuta, au uvutwe. Je, wanalihesabu kama kuharibika? Na wakati wote huo zile saa 14 za kazi unazopewa na sheria zinaendelea kuhesabika, gari limesimama.

Kama umelikodisha lori lako kwa kampuni, soma mkataba wenu kwanza. Pengine tayari wanakukata huduma hii kila wiki.

Kabla ya kuondoka, andika kwenye karatasi moja ukubwa wa tairi za usukani, za ekseli zinazoendeshwa na injini na za trela, kwa mfano 295/75R22.5, pamoja na namba za chesisi. Nyumbani gari likikwama tulikuwa tunakata matawi na kuyatandaza barabarani kuwaonya wengine. Huku ni pembetatu 3 ndani ya dakika 10: kwenye barabara iliyogawanywa katikati, zote ziwe nyuma, futi 10, 100 na 200 kutoka kwenye gari.

Safari hii, kabla ya kulipa, nilizipigia kampuni tatu za huduma hii saa nane usiku. Nikawauliza: nikikwama Rawlins na trela isiyo yangu, yenye mzigo, nani atakuja, atatoka wapi, na mtalipa hadi wapi? Kampuni mbili zilisema zitanipigia, sikuzisikia tena. Ya tatu ilinijibu kila kitu, ikaniandikia kwa barua pepe. Nimeichapisha, iko kwenye bahasha moja na karatasi za lori.