Kuunga bati za alumini kwa msuguano

Njia hii ilibuniwa Uingereza mwaka 1991, katika TWI, taasisi ya utafiti wa kuunga metali, nami naifanya kwa mashine ya kawaida ya milingi, ile ya kuchonga metali kwa kikata kinachozunguka. Alumini haiyeyuki hata kidogo. Inalainika kama ugali wa moto, pini ngumu inayozunguka kwenye kichwa cha mashine inaikoroga, pande mbili zinakuwa kitu kimoja.

Chukua bati mbili za aloi ya alumini iitwayo 6061, unene milimita 4. Sugua kingo kwa brashi ya waya, pangusa kwa asetoni. Zilaze juu ya bamba nene la chuma, kingo zigusane kabisa, halafu zibane. Zibane kwelikweli! Kazi yangu ya kwanza iliharibikia hapo: pini ilipozama, bati zikasukumana, mwanya ukabaki katikati.

Pini iwe fupi kidogo kuliko unene wa bati, kama milimita 3.8, isije ikakwaruza bamba la chini. Inamisha kichwa cha mashine digrii 2, ili upande wa nyuma wa bega la pini, yaani sehemu pana iliyo juu yake inayokandamiza bati, ndio uzame. Mizunguko 1,000 kwa dakika inanitosha. Shusha polepole, subiri sekunde kadhaa alumini ilegee, ndipo usogeze meza, milimita 60 kwa dakika.

Tazama mshono. Vipinde vilivyopangana kama magamba ya samaki ni dalili njema. Mfereji pembeni maana yake bega halijakandamiza vya kutosha.

Pini ikitoka huacha tundu, kwa hiyo malizia kwenye kipande cha ziada, kisha ukikate.