Kulinganisha laibrari za stringi kabla hujatoa hela: sikiliza kati ya noti na noti

Wadau, kila Novemba punguzo za bei zikianza napata meseji ileile, "kaka ninunue stringi zipi?", yaani laibrari ipi ya sampo, zile rekodi za noti za vayolini na wenzake unazozipiga kwenye kompyuta, na mimi siwezi kukujibu maana sijui unaandika muziki gani, mtu wa filamu na mtu wa kwaya hawahitaji kitu kimoja. Ila naweza kukuonyesha ninavyozijaribu mwenyewe, ni kazi ya jioni moja.

Nimejifunza kwa kuingia mkenge. Laibrari yangu ya kwanza ya kulipia niliinunua kwa kusikiliza demo yao, demo tamu kweli, tarumbeta na madramu na mwangwi juu, nikaja kuifungua nyumbani nakuta vayolini ya pili haina legato yake (noti kuunganishwa bila kukatika), ni ileile ya kwanza imepunguzwa sauti. Hela haikurudi, sampo ukishazipakua ndo basi tena.

Hatua ya 1: andika kipande cha kujaribia

Baa 8 (za muziki, sio zile za Sinza), tempo 72. Baa 4 za kwanza ipe vayolini ya kwanza melodi ya polepole, iwe na hatua ndogo kama C kwenda D, iwe na mruko mmoja wa oktavu nzima, na kuna sehemu noti ileile irudiwe mara mbili, hapo ndo laibrari nyingi hujikwaa. Baa ya 5 na ya 6 weka spikato, zile noti fupi za upinde unaoruka juu ya uzi, noti ileile ipigwe mara nane kwa kila baa, jumla 16. Baa 2 za mwisho wote washike pamoja, vayolini ya kwanza na ya pili, viola, selo, dabo-besi, huku unasukuma CC1, kile kigurudumu cha modyulesheni, kutoka chini kabisa mpaka juu alafu unakirudisha taratibu.

Hifadhi kama faili ya midi, yaani maelekezo ya noti tu bila sauti yenyewe, tia kwenye flashi. Hiyo ndo mizani yako, usiibadilishe tena.

Hatua ya 2: anza na ya bure, alafu katembelee watu

BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio ni ya bure na haifiki hata GB 1, kwa hiyo bando halitalia sana. Ilirekodiwa studio za Maida Vale, London, vayolini za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10 na dabo-besi 8, sawa na toleo kubwa lake. Legato ya kweli haina, na kwa jaribio letu hiyo ni faida, sikio lako litajua kitu kinachokosekana kinasikikaje.

Zile za kulipia, mtafute prodyuza mwenye nazo, nenda na flashi yako, mwombe azime mwangwi wa ziada aliouweka yeye, acheze midi yako akutolee faili ya sauti ya wav. Humwombi laibrari, leseni ni yake, unamwomba dakika 10 za mashine. Wengi hawakatai, tena watakaa na wewe mpaka saa nne usiku mkibishana.

Hatua ya 3: sawazisha sauti

Usiruke hii. Kitu chenye sauti kubwa zaidi sikio linakiona kitamu zaidi, hata tofauti ya desibeli moja inatosha kukudanganya. Chukua zile baa 2 za mwisho, pima kila wav kwa mita ya LUFS, ile inayopima sauti inasikika kubwa kiasi gani, shusha zote mpaka zisome namba ileile. Alafu mwite mdogo wako abonyeze, wewe geukia ukutani, usijue inacheza ipi.

Hatua ya 4: sikiliza kati ya noti

Hapa ndo penyewe. Noti moja ndefu ya vayolini karibu kila laibrari inaiweza siku hizi, sauti ni nzuri zote, tofauti iko pale noti moja inapoiachia nyingine. Kwenye legato iliyorekodiwa vizuri walimkalisha mpigaji akapiga C kwenda D, C kwenda E, hivyo hivyo mpaka oktavu, wakahifadhi ule mwendo wenyewe wa kidole na upinde, kwa hiyo kompyuta inaunganisha kwa mwendo wa mtu. Isiyo na hiyo kitu, noti ya kwanza inafifia huku ya pili inaanza kama vile wimbo ndo unaanza, unapata kinanda cha kanisani kilichovaa nguo za vayolini.

Sikiliza ule mruko wa oktavu, je unasikia safari au unasikia mtu kahamia ghafla? Kwenye noti iliyorudiwa, je upinde umegeuka au ni sauti imekatika?

Nenda kwenye CC1. Vayolini inayopigwa taratibu sio vayolini ya nguvu iliyopunguzwa volyumu, rangi yake ni tofauti kabisa, ndo maana wanarekodi tabaka kadhaa na kigurudumu kinazichanganya. Laibrari mbaya ukifika katikati unasikia vikundi viwili vinapiga kwa mpigo, sauti inakuwa kama ina mafua.

Spikato hazina maneno mengi. Zikisikika kama cherehani basi hazina raundi robini za kutosha, yaani rekodi ileile inajirudia.

Hatua ya 5: usiihukumu inayochelewa

Cinematic Studio Strings (CSS) watu wengi wanaijaribu dakika tano wanasema mbovu, haiko kwenye biti. Ukweli ni kwamba legato yake ina ucheleweshaji wa makusudi ili ule mwendo upate nafasi, takriban milisekunde 333 kwa ya polepole, 250 kwa ya kati na 100 kwa ya haraka, na velositi ya noti, yaani umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, ndo inayochagua ipi itumike. Kwa tempo 72 biti moja ni milisekunde 833, kwa hiyo 250 ni karibu theluthi ya biti, lazima uisikie. Dawa yake ni kuzivuta noti kwenye midi zianze mapema kwa kiasi hicho kabla ya kulinganisha. Ni kazi ya kuchosha sikatai, ila kwa melodi za majonzi mimi huwa narudi kwake.

Hatua ya 6: sikiliza chumba

Spitfire Chamber Strings wana watu 16 tu, Symphonic Strings wana 60, zote zimerekodiwa Lyndhurst Hall ya AIR Studios kule London, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, na hilo kanisa linakuja na sampo upende usipende. Vienna Symphonic Library wao walijenga Silent Stage, studio yao ya kurekodia, ili sampo zao za mwanzo ziwe kavu, mwangwi uweke mwenyewe. Mimi nilishawahi kuweka stringi za ukumbi mkubwa chini ya kwaya niliyoirekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani, matokeo yake kwaya iko sebuleni na stringi ziko kwa jirani. Kwa hiyo jaribu na maiki za karibu peke yake, sio miksi ya kiwandani tu.

Hatua ya 7: mashine yako

SSD lazima. Ramu ya GB 8 utafungua sehemu chache tu. Na angalia kama laibrari inataka Kontakt kamili, programu ya kulipia inayofungua sampo, maana ile Kontakt Player ya bure haiichezi CSS kwa mfano, ongeza hiyo bei kwenye hesabu.

Sasa kwa wale wa taarabu. Fidla zetu zinapiga melodi moja wote pamoja, zinateleza kuingia kwenye noti, na kwenye baadhi ya maqam, zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kuna noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda, hizi laibrari hazikurekodiwa kwa ajili hiyo, na ukilazimisha kwa pichi-bendi, kile kigurudumu cha kupindisha noti, vayolini 16 zinasikika kama kaseti inayovutwa. Ninachofanya, sampo nazipa sauti za chini na za katikati, melodi namwita mpiga fidla mmoja wa kweli apige mara tatu juu yake. Anamaliza ndani ya saa moja, namlipa siku hiyohiyo na nauli juu.