SOMO: Alama zinavyotolewa kwenye kozi ya algoriti, na kudesa (kunakili kazi ya mwingine) kunapoanzia

Wakuu, nimesahihisha mazoezi ya kozi hii ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, kwa mihula kadhaa. Wengi hawaangushwi na hesabu. Wanaangushwa na dhana kwamba programu ikitoa jibu sahihi, kazi imekwisha. Hapa alama zinafuata hoja.

Hatua ya 1. Soma mwongozo wa kozi siku ya kwanza: uzito wa mazoezi na mitihani, adhabu ya kuchelewesha kazi, mipaka ya kushirikiana. Dakika kumi tu.

Hatua ya 2. Kila jibu liwe na wazo kwa maneno ya kawaida, kisha hatua zenyewe, kisha uthibitisho (hoja kwamba njia yako hutoa jibu sahihi kila mara), mwisho muda wa utendaji. Uthibitisho ndio unaorukwa, na ndio wenye alama nyingi.

Chukua swali la kufikisha kiasi fulani kwa sarafu chache iwezekanavyo. Mwanafunzi anaandika: "Chukua kubwa kwanza, rudia." Anajaribu sarafu za 1, 5 na 10, inakubali, anaandika "imejaribiwa". Sasa mpe sarafu za 1, 3 na 4, atafute 6. Njia yake inachukua 4, halafu 1 na 1: sarafu tatu. Kumbe 3 na 3 zinatosha! Mifano mia iliyokubali haithibitishi kitu, na mmoja uliokataa unaizika njia nzima. Dawa yake ni kujenga jibu bora la kila kiasi kuanzia 1 kwenda juu, ukitumia majibu ya viasi vidogo ulivyokwisha kokotoa. Kwa kiasi n na aina k za sarafu, muda ni O(nk), yaani idadi ya hatua hukua kwa kadiri ya n mara k, si zaidi.

Hatua ya 3. Ukiandika O(n log n), sema n ni nini. Kwenye grafu (vituo vilivyounganishwa kwa mistari), ni idadi ya vipeo, yaani vituo, au ya kingo, yaani mistari? Na ukipanga orodha ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia), usihesabu upangaji huo kama hatua moja. Kosa hili nimelizungushia kalamu nyekundu mpaka nimechoka.

Hatua ya 4. Jadilianeni ubaoni, kisha futeni ubao. Ondoka bila karatasi wala picha ya simu, ukaandike peke yako, na utaje uliojadiliana nao. Ukishindwa kuandika, ujue ulikuwa unaitikia tu. Kubadilisha majina ya vigeu (vibebea thamani ndani ya programu) hakufichi kitu: programu ya MOSS, iliyoundwa mwaka 1994, hutambua maandishi ya programu yanayofanana hata majina yakibadilishwa. Kwenye uthibitisho hata haihitajiki. Watu wawili wakikosea kosa moja la ajabu mstari uleule, msahihishaji anaweka karatasi pembeni.

Hatua ya 5. Ukikata rufaa ya alama, onyesha mstari uliosomwa vibaya. "Nilijitahidi sana" haina pa kuwekwa kwenye jedwali la alama.

MASWALI

*Mkuu, nisipojua jibu niache wazi?*
Hapana. Andika njia ya polepole unayoamini ni sahihi, thibitisha, na useme wazi kwamba ni ya polepole. Hiyo huwa inapata kitu. Kurasa mbili za kubabaisha hazipati.

*Na ChatGPT je?*
Fuata mwongozo wa kozi yako. Mwongozo ukiwa kimya kuhusu hilo, muulize mhadhiri kabla ya kuitumia. Nionavyo mimi, hatari yake ni kwamba huandika uthibitisho wenye lugha safi na pengo katikati, na anayeanza halioni.

*Rafiki ameomba nimtumie kazi yangu "aangalie tu", usiku kabla ya kukusanya. Nikikataa ataniona mchoyo.*
Ndugu, kozi nyingi humwadhibu aliyetoa sawa na aliyepokea. Mpigie, muulize amekwama wapi, mweleze kwa mdomo. Kama kweli alitaka kuelewa, robo saa inamtosha.

*Nimeshamtumia jana.*
Basi nenda kwa mhadhiri leo, kabla hajakuita yeye.