Majibu ya damu yanaanzia kitandani: kwa manesi mnaoanza fildi

Wadogo zangu mnaoingia wodini, mkiona jibu la ajabu msikimbilie kulaumu watu wa maabara, mara nyingi damu tumeiharibu sisi wenyewe kabla chupa haijatoka kitandani.

Chukua potasiamu. Kawaida yake ni 3.5 hadi 5.0, jibu linarudi 6.8 na mgonjwa yuko zake anakunywa uji. Hapo jiulize ilitolewaje. Kama mpira wa kufungia mkono ulikaa zaidi ya dakika moja, huku mgonjwa anaambiwa kunja ngumi, fungua, kunja tena, misuli inaachia potasiamu yake; au kama ulivuta kwa nguvu kwa sindano nyembamba halafu ukaisukumiza damu kwenye chupa, chembe nyekundu zinapasuka na potasiamu iliyokuwa ndani inamwagika kwenye sampuli. Halafu kuna ule ujanja wa kumimina kutoka chupa yenye kifuniko cha zambarau kwenda ya kifuniko chekundu eti damu haikutosha, huo acheni kabisa, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau ni chumvi ya potasiamu yenyewe, kwa hiyo potasiamu inaruka juu na kalsiamu inaporomoka. Ila msiseme jibu ni feki mkanyamaza, mwambieni dokta saa hiyohiyo, mgonjwa apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na damu irudiwe haraka, maana ikiwa ya kweli moyo unasimama hata kwa mtu anayeonekana mzima.

Chupa zina foleni yake: kalcha (ya kuotesha vijidudu) kwanza, bluu, nyekundu au njano, kijani, zambarau, kijivu mwisho. Bluu lazima ifike kwenye mstari, ikipungua itakataliwa. Zambarau geuza taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Mkono wenye dripu usiuguse, sukari itapanda bure kama dripu ni ya sukari, na Hb (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu) itashuka kwa kuchanganyika na maji. Lebo bandika palepale, na mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, ukimuuliza "wewe ndiye mama Asha?" mwingine kachoka anaitikia tu "ee".

FBP (picha kamili ya damu) ikirudi usipotelee kwenye ile mistari yote, anza na Hb, chembe nyeupe na pleti (chembe za kugandisha damu). Mjamzito mwenye Hb chini ya 11 ana upungufu, chini ya 7 ni mkali. Sasa hapa ndipo wengi wanateleza: mama katoka kujifungua, kanga zimelowa damu, Hb inasoma 11 na mtu anasema yuko fiti. Hapana jamani, akivuja damu anapoteza chembe na maji kwa pamoja, namba inachelewa kushuka, wewe angalia mapigo, presha na mikono kama ni ya baridi. Pleti zikisoma 20 kwa mtu asiye na dalili yoyote ya kutoka damu, waombe maabara waangalie kama kuna bonge ndani ya chupa, mara nyingi zimeganda humo.

Malaria nayo. Vipimo vya haraka vingi vinakamata HRP2, protini ya kimelea inayobaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo kabla hujaandika ana malaria tena muulize dawa mseto alimaliza lini, na kama ni juzijuzi dai slaidi, yaani damu itazamwe kwa darubini.

Sukari ya mtoto aliyelegea au mwenye degedege pima kwa glukomita hapohapo, ikiwa chini ya 3 mwite dokta na dekstrosi (maji ya sukari) iandaliwe, usisubiri maabara. Damu ikikaa mezani kwenye chupa ya kawaida chembe zinaendelea kuila sukari, ndiyo maana ya kijivu ipo.

Maabara wakipiga simu na jibu la hatari, andika namba, warudishie kwa kuisoma tena, weka saa, jina la aliyepiga na jina la dokta uliyemwambia. "Nilimwambia mtu wa zamu" kwenye faili haikusaidii kitu.