Konokono koni mwambani: kumtambua, kumwepa, na la kufanya akikuchoma

Siku za bamvua, maji yakipwa sana, miamba ya Kunduchi, Msasani na Kigamboni, Dar es Salaam, hujaa wachokoa pweza na waokota kombe. Konokono koni naye yupo hapo hapo, kajifukia mchangani au kajibanza chini ya jiwe akingoja usiku awinde.

Umbo lake ni koni ya aiskrimu iliyolazwa: kichwa kipana, ncha nyembamba, na mwanya mrefu ubavuni. Wa kuogopwa zaidi ni Conus geographus. Hufika sentimita 15, gamba lake ni jepesi, mwanya mpana, mabaka ya kahawia juu ya weupe, na vinundu kuzunguka kichwa. Conus textile ana pembetatu nyeupe zenye kingo za kahawia, zimebanana juu ya rangi ya dhahabu. Ila usitegemee nakshi tu. Akiwa hai mara nyingi hufunikwa na ngozi ya kahawia na uchafu.

Usimshike popote, hata upande mpana. Mrija wa mdomo hutokea kwenye ncha nyembamba, lakini hurefuka na kupinda hadi nyuma ya gamba, kisha hurusha jino lenye tundu ndani, chusa hasa, lenye sumu. Kitambaa hakilizuii, kwa hiyo mfuko wa kaptula si pa kumtia. Vaa viatu vya soli ngumu, pindua jiwe kwa fimbo, ulirudishe lilivyokuwa. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu: huko hata gamba tupu liache.

Akichoma, maumivu yanaweza kuwa madogo, na hapo ndipo watu hupuuza. Ganzi midomoni, kope kulegea, kuona viwili viwili na kushindwa kumeza ni dalili kwamba misuli inapooza. Mtoe aliyechomwa majini, mlaze, asitembee. Funga bendeji pana kuanzia vidoleni, ipite juu ya jeraha na kupanda juu, imara lakini vidole visiwe vya bluu, kisha funga kijiti kiungo kisicheze. Usichanje wala kunyonya.

Dawa ya kuua sumu hii haipo. Kinachoua ni pumzi kukatika, basi ikikatika mpulizie mdomoni, pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6, bila kuacha njia nzima mpaka hospitali yenye mashine ya kupumulia, kama Muhimbili. Asipofumbua macho usimkatie tamaa. Huenda anasikia kila neno.