Jirani Akinyanyaswa kwa Asili Yake: Namna ya Kumsaidia Mtaani Nairobi

Mimi ni msaidizi wa kisheria mitaani. Kesi nyingi za aina hii huanzia kwenye ploti: mama Msomali Eastleigh au kijana wa Sudan Kusini Kayole anaambiwa "rudi kwenu" kila siku, mpaka anaogopa kutoka kuchota maji.

Hatua ya 1: Muulize anataka nini. Usimkokote polisi. Kwa mkimbizi ambaye karatasi zake zimepitwa na muda, kituo kinatisha kuliko jirani mwenyewe. Wengi hawajasahau Aprili 2014, watu walipokamatwa Eastleigh na kuzuiliwa uwanjani Kasarani. Akikataa, mwache aamue.

Hatua ya 2: Andikeni siku hiyo hiyo. Tarehe, saa, mahali, mashahidi, na matusi yenyewe neno kwa neno. Watu wenye adabu huandika "alinitusi vibaya", na hapo kesi imeshalegea. Kama yametumwa kwa WhatsApp, asifute chochote. Skrinshoti pekee haitoshi: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza nakala ilitolewaje na kwa kifaa gani.

Hatua ya 3: Ameumizwa? Hospitali kwanza, kisha polisi, achukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari. Nenda naye, na msiondoke kaunta bila namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo.

Hatua ya 4: Chagueni mlango wa kupeleka malalamiko. Hapa ndipo watu hupotea. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inaposema kabila, inajumuisha pia rangi na taifa mtu alikotoka. Kifungu cha 13, cha matamshi ya chuki, kina faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini kinalenga uchochezi. Matusi ya mlangoni kati ya watu wawili mara nyingi hayafiki hapo. Tumieni kifungu cha 6, kinachokataza unyanyasaji wenyewe, na mpeleke malalamiko kwa NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa. Mnyanyasaji akiwa polisi, nendeni IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi.

Hatua ya 5: Endelea kumtembelea. Msindikize dukani, na watoto shuleni. Wazee wa Nyumba Kumi wanaweza kusuluhisha, ila chunguza kwanza kama mmoja wao si shemeji ya mtukanaji (hutokea sana). Na mwenye nyumba akianza kutishia kumfukuza, mfikishe Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kabla notisi haijaisha.